Kumaliza mafunzo ya kujitolea na kuaga nyumba ya wenyeji Mombasa: dhana potofu na ukweli

Neno "amemaliza" ndilo linalozua mkanganyiko wa kwanza. Mama mwenye nyumba akisikia mgeni wake, mjitoleaji wa kigeni aliyeletwa na shirika lake, amemaliza mafunzo, huona safari ya kwao imefika. Majirani nao huja kuaga wiki mbili kabla ya wakati, na watoto wanaanza kugombea kitanda. Mgeni mwenyewe yuko kwenye mtihani wa lugha na hajui kama amefaulu. Yaliyo hapa chini ndiyo makosa yanayojirudia katika nyumba zinazopokea wajitoleaji, iwe Kibokoni, Majengo, Tudor au Likoni.

Dhana: Mafunzo yakiisha, mtu amekuwa mjitoleaji kamili, na karibuni atarudi kwao.

Inategemea amekuja na nani. Kwa Peace Corps, shirika la wajitoleaji la serikali ya Marekani lililoanzishwa 1961, mtu huhesabiwa mwanagenzi kwa takriban miezi mitatu ya mafunzo. Anaitwa mjitoleaji baada ya kula kiapo, kisha hupelekwa kwenye kituo chake cha kazi kwa miaka miwili. Nyumba ya mafunzo na kituo huwa mbalimbali, kwa hiyo anaiacha familia lakini haiachi nchi. Programu ya weltwärts ya Ujerumani, iliyoanza 2008, ina mpango mwingine. Vijana wake ni wa miaka 18 hadi 28, na wana siku zisizopungua 25 za semina zilizogawanywa: nyingine kabla ya kuondoka kwao, nyingine wakiwa huku, nyingine wakisharudi. Kijana wa aina hii anaweza kulala nyumba moja mwaka mzima, na siku anayoiacha ndiyo siku anayopanda ndege. Nao wajitoleaji wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, hupata mafunzo yao makubwa Japani kabla hawajasafiri.

Basi siku ile ile mgeni anapoingia, nyumba imuulize mambo matatu na iyaandike: usiku wake wa mwisho ni tarehe ngapi, akitoka hapa anakwenda wapi, na ni jambo gani linaweza kubadilisha tarehe hiyo. La tatu ndilo linalosahauliwa. Mwishoni mwa mafunzo kuna tathmini, na mtu anaweza kuongezewa muda au kusimamishwa. Familia iliyokwisha kumuahidi mgeni mwingine chumba kuanzia asubuhi ya kesho yake hujikuta na watu wawili na kitanda kimoja. Acheni siku tatu nne katikati.

Dhana: Aliyekaa na Waswahili miezi mitatu hana haja ya kujiandaa kwa mtihani wa lugha.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, tena wale wanaopendwa zaidi na familia. Mtihani wa kuzungumza ni maongezi ya takriban nusu saa. Mtahini huanza na mepesi, kisha hupandisha ngazi mpaka aone mahali ulimi unapokwama. Maswali yake ni kama haya: Simulia jambo lililokupata. Eleza utafanya nini ukikuta kituo hakina maji. Kama ungekuwa mwalimu mkuu, ungebadilisha nini? Sasa tazama lugha anayoisikia nyumbani kutwa: keti, kula, chukua, ongeza, umeamkaje, umeshiba? Ni amri, salamu na maswali ya neno moja. Mtu anaweza kuishi miezi mitatu kwa maneno hayo, akacheka na watu na akala vizuri, lakini asiweze kusimulia safari ya jana sokoni.

Dawa yake ni ya nyumbani na haina gharama. Wiki mbili za mwisho, kila jioni baada ya chakula, mgeni asimulie siku yake yote kwa -li-, halafu aeleze ya kesho kwa -ta-, halafu ajibu swali moja la "ingekuwaje" kwa -nge-. Dakika kumi na tano zatosha. Anayesikiliza asimrekebishe kila neno. Amwache afike mwisho, kisha amrudishie makosa mawili tu. Nyanya wa nyumba mara nyingi ndiye mwalimu bora wa kazi hii kwa sababu huuliza "kwa nini?" na haridhiki na jibu fupi.

Lipo na suala la lahaja. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikabaki nje ya vitabu vya shule, ingawa ndicho kilichobeba mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi maarufu wa mji huu. Mgeni anayelelewa Mji wa Kale husikia "ndoo" kwa njoo, "ndia" kwa njia, "mtele" kwa mchele, "kitwa" kwa kichwa. Si makosa, na asifundishwe kuyaonea haya. Lakini ajue jozi zake. Akifika bara amwite mtoto kwa kusema "ndoo", huenda akaletewa ndoo ya maji. Daftari lenye safu mbili, Kimvita upande mmoja na sanifu upande wa pili, lenye maneno hamsini hivi, ni zawadi ambayo watoto wa shule wa nyumba hiyo wanaweza kumtengenezea kwa alasiri moja.

Dhana: Familia hulipwa na shirika, kwa hiyo hakuna hesabu ya kufunga.

Fedha za shirika kwa kawaida hukadiriwa kwa chumba na chakula. Zinazoleta maneno ni zile za pembeni: maji, umeme na duka. Mifereji ya Mombasa hukauka mara kwa mara, na maji hununuliwa kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20 mmoja mmoja. Mgeni aliyezoea kuoga mara mbili chini ya bomba hajui kuwa amemaliza mitungi ambayo mtu ameilipia. Umeme nao, penye mita ya tokeni, hupungua bila bili kuonekana.

Siku saba kabla ya kuondoka, mgeni na mwenye nyumba wakae wawili, bila watoto wala wageni. Wahesabu usiku uliobaki ambao shirika halijalipa, kilichoharibika na thamani yake ya kukitengeneza, na kilichokopwa kwa pande zote mbili. Kisha mgeni aende mwenyewe kwenye duka la mtaa amuulize mwenye duka kama jina lake limo kwenye daftari la mikopo. Soda na vocha zilizochukuliwa "kwa jina la mgeni wa Mama Fulani" zisipolipwa, aibu humwangukia Mama Fulani. Wala asiache fedha mezani na karatasi ya shukrani: fedha hukabidhiwa mkononi, zikahesabiwa wote wakiona.

Dhana: Zawadi ikiwa kubwa ndiyo heshima.

Simu mpya kwa mtoto mmoja huacha nyumba na ugomvi, na hupandisha kipimo ambacho mgeni ajaye hataweza kukifikia. Kwa mama wa nyumba, doti ya leso haijashindwa na kitu. Lakini leso ina sehemu tatu: pindo, mji na jina, na jina ndilo linalosomwa. Katika Mtaa wa Biashara leso zimepangwa kwa rangi, na mgeni huchagua kwa macho. Yapo majina ya mafumbo yaliyotungwa kwa ajili ya mke mwenza au jirani mwenye husuda, na ukimkabidhi mama aliyekulea leso ya namna hiyo, mtaa mzima utaisoma kabla yako. Msomee muuzaji jina kwa sauti, umwambie unampa nani, na umsikilize. Doti huuzwa ikiwa kitambaa kimoja kisichokatwa. Kipeleke kwa fundi akate vipande viwili na kupinda kingo, ili leso ifike ikiwa tayari kuvaliwa. Mzee wa nyumba hufurahia kikoi. Na picha iliyochapishwa, ya watu wote wa nyumba pamoja, hupata nafasi ukutani, ilhali iliyo kwenye simu hupotea na simu.

Familia nayo ikitaka kumfungia kitu cha safari, halwa hustahimili joto na safari ndefu kuliko mahamri.

Dhana: Afadhali aondoke kimya kimya alfajiri, watoto wasilie.

Kuondoka bila kuaga husomeka kama kuondoka kwa hasira. Pwani anayesafiri huomba radhi: "Nimekaa nanyi, kama kuna nililowakosea mnisamehe." Jibu huwa ni kusamehewa na kuombewa dua, na kila upande huyasema hayo kwa maneno kamili. Aanze na mkubwa wa nyumba, peke yake, usiku mmoja kabla. Kisha wengine wa nyumbani, majirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye duka, na wale wazee wa barazani aliokuwa akiwaamkia kila jioni. Nyumba nyingine humfukiza udi na kumrashia marashi mlangoni. Akae tuli, hiyo ni heshima yake. Ndiyo sababu siku ya kuaga na siku ya kusafiri zisiwe moja. Watoto waambiwe mapema, wahesabu siku pamoja naye, na wasidanganywe kwamba "anarudi kesho".

Dhana: Akihamia bara penye baridi, aache vidonge vya malaria siku hiyo hiyo.

Hapana. Vimelea alivyoingiziwa na mbu wiki ya mwisho Mombasa huendelea kukomaa mwilini baada ya yeye kuondoka. Anayetumia doxycycline au mefloquine huendelea wiki 4 baada ya kutoka eneo la malaria. Atovaquone-proguanil ni siku 7. Homa yoyote katika miezi inayofuata ipimwe damu, na daktari aambiwe kwamba ametoka Pwani.

Kuhusu mizigo, maneno machache. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, hivyo nguo za mwisho zitiwe kwenye kikapu au gunia. Treni ya kwenda Nairobi huondokea Miritini, si mjini, na kuna ukaguzi wa mizigo: visu vya jikoni na mtungi wa gesi havipandi. Anayetokea Likoni ahesabu na foleni ya feri.

Dhana: Akishaondoka, ama amekuwa mgeni tena, ama mlango uko wazi wakati wowote.

Zote mbili huumiza. Atabaki mtoto wa nyumba, lakini chumba kitakuwa na mtu mwingine, na programu nyingi huzuia safari za kulala nje ya kituo katika miezi ya mwanzo. Wakubaliane kabla hajatoka: atapiga simu siku gani, nani atapokea, na akija atalala wapi. Maombi ya karo yakija, na huja, asijibu papo hapo kwa huruma. Aseme atauliza shirika lake, kisha arudi na jibu la kweli, hata likiwa hapana. Ahadi ya nusu mdomo ndiyo inayokata simu baina ya watu.

Simu ya kwanza ni ya usiku ule ule wa kufika, hata akiwa amechoka, kwani kuna mtu hajalala. Na akikusudia kuja Iddi, ataje siku na idadi ya watu wiki nzima kabla, maana mchele wa biriani hupimwa kabla wageni hawajafika, na rafiki aliyeletwa bila taarifa hula sehemu ya mtu.