Chumvi imetoka baharini, irudi baharini?

Kazi yangu ni kutibu maji hapa Kigoma, maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo chumvi si tatizo lake. Lakini kila Dar ikiingia kwenye mgao wa maji, kundi letu la WhatsApp linanigeukia: "Fundi, si wachuje bahari tu? Chumvi imetoka baharini, inarudi baharini, hasara iko wapi?" Safari hii aliyeuliza ni mhandisi. Basi naandika, mwingine akiuliza namtumia kiungo.

Chukua lita 100 za maji ya bahari. Zina chumvi kama kilo tatu na nusu. Zisukume kwenye utando, yaani kichujio chembamba kinachopitisha maji na kuzuia chumvi, kwa presha ya bar 60 hivi, utapata lita 40 au 45 za kunywa. Zinazobaki zinabeba karibu chumvi yote. Bahari nzima haijaongezewa chembe, hapo sibishi. Ila samaki haishi kwenye bahari nzima, anaishi pale bomba linapomwaga.

Masalia hayo ni mazito. Ukiyaachia taratibu kwenye ghuba iliyotulia, hayachanganyiki. Yanazama, yanatambaa juu ya mchanga na kutuama mabondeni. Mtu anapima maji ya juu, anakuta chumvi ya kawaida, anaandika ripoti nzuri. Huko chini nyasi bahari, zisizo na pa kukimbilia, zimefunikwa na maji ambayo hewa ya juu haiyafikii kirahisi. Mediterania kuna nyasi iitwayo Posidonia, chumvi ikipanda kidogo tu inadhoofika. Ripoti yenye vipimo vya juu peke yake mimi naifunga palepale.

"Basi ikaushwe iuzwe, kama Uvinza," kule kwenye chumvi ya huku Kigoma. Jamani! Wavinza walichemsha maji ya chemchemi zao kwa kuni, na kuni zilikwenda kwelikweli. Utafiti wa 2019 ulikadiria kuwa dunia inamwaga mita za ujazo milioni 142 za masalia kila siku, ili ipate milioni 95 za maji safi. Utayachemsha kwa msitu gani?

Dawa za kuzuia ukoko kwenye utando huondoka na masalia, mayai ya samaki hunyonywa na pampu, umeme unaliwa uniti 3 hadi 4 kwa kila mita ya ujazo ya maji safi. Haya hakuna anayenibishia, tusonge.

Kinachonisumbua mimi ni mtambo wa kuchuja bahari wa Sydney, Australia. Kule waliweka mdomoni mwa bomba pua zinazorusha masalia kwa kasi ili yachanganyike upesi, na chumvi kweli ikashuka ndani ya mita 100 hivi. Utafiti uliochapishwa 2018 ukakuta viumbe wanaojishikiza kwenye miamba wamebadilika hata hivyo: baadhi wamepungua, wengine wameshamiri. Mshukiwa mkuu hakuwa chumvi, alikuwa kasi ya maji. Yaani zile pua zilizowekwa kama tiba ndizo zilizowavuruga. Vitabu huandika "weka pua" na kufunga sura. Nami bado nashauri pua, ila ukiniuliza kasi ipi inachanganya masalia bila kuwapeperusha viumbe wachanga, sina namba ninayoweza kuitilia sahihi.