Vikundi vya malezi shuleni: jinsi ya kuvipanga na mahali vinapoharibikia

Mwalimu wa zamu anaweza kuhubiri heshima na uaminifu mstarini kwa dakika ishirini kila Jumatatu, na shule nzima ikaitikia kwa sauti moja. Dakika tano baadaye, bombani, mtoto wa kidato cha kwanza ananyang'anywa ndoo na mkubwa wake, na hakuna anayeshtuka. Mtoto huyo amejifunza somo la siku pale bombani. Ndiyo maana napendekeza shule za sekondari ziwekeze muda wao kwenye vikundi vidogo vya malezi vyenye kazi za kweli za kila wiki. Tabia hushika pale ambapo mtoto anategemewa na watu anaowajua kwa majina.

Hesabu yake ni hii. Tuchukue shule ya kutwa yenye wanafunzi 480, wasichana 240 na wavulana 240, na walimu 20. Gawa wanafunzi katika vikundi 40 vya watu 12: wasichana sita na wavulana sita, watatu kutoka kila kidato. Kidato cha nne mara nyingi kina wachache, basi weka wawili, nafasi iliyobaki ijazwe na wa kidato cha kwanza. Kila mwalimu awe mlezi wa vikundi viwili na akutane navyo kwa kupishana, wiki hii kimoja, wiki ijayo kingine. Wiki ambayo mlezi hayupo, kikundi kinajiendesha, na wiki hizo ndizo zinazowakomaza.

Usiwaache wanafunzi wajichagulie vikundi. Marafiki watajikusanya, wa kijiji kimoja watakaa pamoja, na yule mtoto asiye na mtu atabaki amesimama peke yake mbele ya wenzake wote. Orodha ya alfabeti nayo ina kasoro yake: ndugu wa ukoo mmoja wataangukia kundi moja. Panga kwa mkono, mezani, walimu wa madarasa wakiwapo, kisha usivunje kikundi hadi mwaka uishe. Mwanafunzi akilalamika wiki ya pili kwamba hawezi kukaa na fulani, hiyo ndiyo kazi yenyewe imeanza.

Kutana mara moja kwa wiki, kipindi kimoja cha dakika 40, katikati ya wiki. Kipindi cha mwisho Ijumaa kitamezwa na kila kitu: mechi, kikao cha walimu, mvua. Wakae duara chini ya mti au darasani, mlezi naye akae, asisimame. Dakika tano za kwanza ni za taarifa: nani hayupo na kwa nini. Kumi zinazofuata ni za kazi ya wiki. Ishirini ni za jambo moja tu linalowagusa, na tano za mwisho ni za kuandika walichokubaliana: nini, nani, lini. Mwenyekiti abadilike kila wiki, na asiwe wa kidato cha nne kila mara. Kinachoharibu kikao kuliko yote ni mlezi kugeuza dakika zile ishirini kuwa hotuba yake. Mlezi akizungumza zaidi ya robo ya muda, kikao kimekufa hata kama watoto wametulia.

Jambo ambalo shule nyingi za Tanzania hazilifikirii ni lugha. Mtoto amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha Januari anaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Penye utaratibu wa kumwadhibu anayezungumza Kiswahili, au kumvika kibao shingoni, mtoto huchagua kunyamaza. Kwa miezi sita hamjui kama ana njaa, kama anaonewa, kama haelewi chochote. Kikao cha malezi kifanyike kwa Kiswahili, na mkuu wa shule alitangaze hilo hadharani ili kiranja asije akaandika majina ya "wavunja sheria". Mtoto hawezi kuomba radhi, wala kumwambia mkubwa wake "umenionea", kwa lugha ambayo bado anaitafutia maneno.

Sasa kazi. Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi na kula jasho lake. Ilipoharibika, mara nyingi iliharibika kwa namna mbili: jembe likawa adhabu, na mavuno yakawa siri ya watu wachache. Makosa hayo bado tunayo, na mahali pa kuyaona vizuri ni chooni.

Kuosha choo kusiwe adhabu kamwe. Ukimpa mchelewaji choo, umewafundisha watoto 480 kwamba kuwahudumia wenzao ni aibu. Iwe zamu, na zamu ya kila mtu. Kiwango cha shule za Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, hivyo shule yetu inahitaji matundu 12 ya wasichana na 10 ya wavulana. Weka vikundi viwili kwa wiki: wasichana 12 wanapata tundu moja kila mmoja, wavulana kumi vivyo hivyo, na wavulana wawili wanaobaki wanateka maji ya pande zote mbili. Kwa vikundi 40, zamu inamrudia mtu baada ya wiki 20, yaani karibu mara mbili kwa mwaka. Hakuna wa kulalamika kwamba ameonewa, mradi jedwali limebandikwa ukutani likiwa na jina la kila mtu na namba ya tundu lake. Bila namba, wa kidato cha nne watasimamia na wa kidato cha kwanza wataosha.

Vifaa: glavu, brashi ya mpini mrefu, ndoo ya maji ya sabuni na ndoo ya dawa. Osha kwa sabuni kwanza, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Kwa jiki ya asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja na vikombe sita vya maji, mwagia, acha dakika kumi, kisha suuza. Mlezi asimamie uchanganyaji. Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa gesi inayounguza mapafu. Mwisho kabisa, wote wanawe mikono kwa sabuni.

Ukaguzi ufanywe na kikundi kitakachoshika zamu wiki inayofuata. Hawa wana sababu ya kukagua kwa makini: uchafu wowote watakaoupitisha utakuwa wao. Mashindano ya alama na zawadi siyapendi. Alama zikianza kuhesabiwa, takataka husukumiwa nyuma ya darasa la jirani.

Chakula cha mchana kinafundisha kuliko tunavyodhani. Kikundi kipewe sufuria yake, watu 12, na mgawaji abadilike kila siku. Kanuni ni moja: anayeshika upawa anajipakulia mwisho. Siku ya makande utaona. Mgawaji akijaza upawa kwa rafiki zake watatu wa kwanza, maharage yanaishia sahani ya tisa, na yeye anabaki anakwangua mahindi chini ya sufuria huku kumi na mmoja wanamtazama. Siku yake ikirudi, anakoroga kwanza, anapima nusu upawa kwa wote, kisha anarudia mzunguko. Hakuna mwalimu aliyesema neno.

Bustani iwe ndogo. Tuta la mchicha la mita moja kwa tano linatosha kikundi kimoja, na mchicha huwa tayari ndani ya wiki tatu hadi nne, kabla hamasa haijapoa. Kilichouzwa kiandikwe ubaoni: mafungu mangapi, bei gani, pesa imenunua nini. Watoto wakilima wasione hesabu, wanajifunza wizi kutoka kwetu.

Wanaotembea mbali wasiwekwe kwenye usafi wa asubuhi. Mtoto wa kilomita sita akipangiwa kufagia saa moja kamili, atachelewa, ataadhibiwa, kisha ataanza kutoroka. Mpe kazi ya saa ya mapumziko.

Utoro wenyewe ufuatiliwe na kikundi kabla ya ofisi. Siku ya kwanza wanaulizana. Siku ya pili wawili wanaoishi jirani wanapita kwao. Siku ya tatu mlezi anampigia mzazi simu. Mtoto aliyekuja kuulizwa na wenzake wawili mlangoni hurudi kwa moyo tofauti na yule aliyeletwa kwa barua ya kuitwa mzazi.

Kosa likitokea, kanuni za Tanzania zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kenya walivifuta mwaka 2001. Msimamo wangu ni kwamba fimbo inamaliza deni haraka mno. Aliyevunja kioo anachapwa, anarudi kukaa, na baridi inaendelea kuingia kwa wasio na kosa. Kikundi kiulize mambo matatu: nini kimetokea, nani ameumia, kitarudishwaje. Kisha mvunjaji apime dirisha, akamsaidie fundi kukata na kupachika kioo, na awaeleze wenzake waliokaa na baridi. Gharama ijadiliwe na mzazi mapema, kwani familia isiyo na uwezo inaweza kulipa kwa kazi.

Mipaka ya mlezi iwe wazi tangu siku ya kwanza. Siri za kikao haziendi kwenye daftari wala hazitumiki kwenye nidhamu. Lakini mtoto akieleza ukatili, wa nyumbani au wa shuleni, mlezi hatunzi siri hiyo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka atoe taarifa, na namba 116 ya huduma kwa mtoto ipo. Waambiwe hivyo kabla hawajasema lolote, ili asiwepo atakayehisi amesalitiwa.

Wageni wa Januari kila mmoja apewe mwenyeji wa kidato cha tatu, kwa kuwa wa kidato cha nne wana mtihani wao Novemba. Mwenyeji amwoneshe choo, maji, ofisi ya mlezi na namna ya kuomba ruhusa, na kwa wiki mbili ale naye.

Wiki ya sita fanya jaribio. Mpe kila mwanafunzi wa kidato cha nne karatasi aandike majina ya wale wa kidato cha kwanza walio kwenye kikundi chake na mahali kila mmoja anakotoka. Zikirudi zimejaa, endelea. Zikirudi tupu, angalia kwanza jedwali la kazi: karibu kila mara utakuta wakubwa na wadogo wamepangiwa kazi tofauti, saa tofauti, na hawajawahi kushika ndoo moja.