Kemotherapia ndani ya tumbo: si mbadala wa upasuaji

Kwa nini kemotherapia, yaani dawa ya kuua saratani, imwagwe tumboni wakati dripu ipo?
Saratani ya ovari (kiungo cha mayai ya mwanamke) hupenda kutapakaa kama punje za mtama juu ya utando unaofunika matumbo na ukuta wa ndani wa tumbo. Dawa ya mshipani hufika kwenye utando huo kwa kiasi kidogo. Ikimwagwa tumboni, inazigusa punje hizo ikiwa kali zaidi.

Basi itayeyusha uvimbe, nisipasuliwe?
Hapana. Dawa hupenya milimita 2 au 3 tu. Uvimbe wa ukubwa wa limau utalowa juu, ndani ubaki ulivyo. Kwanza daktari akate kila kinachoonekana. Dawa inafuata kumalizia mabaki.

Kuna njia gani?
Ya kwanza ni ya mpira. Kidude cha ukubwa wa sarafu hupachikwa chini ya ngozi, juu ya mbavu za chini, na mpira wake huingia tumboni. Dawa huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali yaliyopashwa hadi joto la mwili, jumla kama lita 2. Mgonjwa hugeuka kila dakika 15, kwa saa moja au mbili, ili dawa ifike kila kona. Maji hayo hayatolewi, mwili huyanyonya wenyewe. Mpira huweza kuziba, kuvuja au kuingia maambukizi, na tumbo huuma sana. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006, nusu ya wanawake waliopewa njia hii waliishi zaidi ya miezi 65.6, wakati kwa waliopewa dripu pekee ilikuwa miezi 49.7. Lakini ni asilimia 42 tu waliomaliza mizunguko yote 6. Na wote walikuwa wameshapasuliwa, mabaki yao hayazidi sentimita 1.

Ya pili ni ya dawa ya moto. Hufanyika mara moja, chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa bado kwenye nusukaputi. Mashine huzungusha dawa tumboni. Utafiti wa Uholanzi wa 2018 ulitumia sisplatini, dawa ya kemotherapia, kwa nyuzi 40 kwa dakika 90, pamoja na dawa ya kulinda figo: nusu ya wagonjwa wa saratani ya ovari waliishi zaidi ya miezi 45.7, dhidi ya 33.9 kwa waliopasuliwa bila dawa ya moto. Kwa saratani ya utumbo mpana, Wafaransa walijaribu oksaliplatini, dawa nyingine ya kemotherapia, ikiwa ya moto kwa dakika 30, wakakuta haikuongeza uhai kuliko upasuaji mzuri peke yake.

Ya tatu ni ya ukungu. Tumbo hujazwa gesi kupitia matundu madogo, dawa ikapulizwa humo, ikaachwa dakika 30, na hurudiwa kila baada ya wiki 6 hivi. Dozi ni ndogo mno: sisplatini miligramu 7.5 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, wakati ile ya moto ni 100.

Ukungu hauhitaji kisu kikubwa. Nichague huo?
Hapana, narudia. Huo hutolewa zaidi kwa mgonjwa ambaye hawezi tena kupasuliwa, na bado unafanyiwa utafiti. Anayeweza kupasuliwa leo, akasubiri ukungu, anajifungia mlango kwa mkono wake.

Hospitali yetu haina njia hizi. Tuuze shamba tuzifuate?
Kwanza mwulizeni daktari wa saratani. Upasuaji kamili pamoja na dawa za kemotherapia kaboplatini na paklitakseli kwa dripu ndiyo tiba ya msingi, wala si tiba ya maskini. Miezi mnayopoteza mkichangishana nauli, ugonjwa haulali.

Nilitolewa maji yaliyojaa tumboni, tumbo likashuka. Bado nipasuliwe?
Ndiyo. Maji kutoka si kupona, chanzo bado kimo. Tunapokea akina mama waliotolewa maji mara tatu, nne, huku wakinywa dawa za vidonda vya tumbo, na hakuna aliyeyapeleka maji hayo maabara. Ulizeni: "Yamepimwa seli za saratani?" Tumbo likijaa kwa wiki tatu, ukashiba kwa vijiko viwili, ukakojoa mara kwa mara, kapige altrasaundi ya nyonga wiki hiyohiyo.

Baada ya dozi, nini kinirudishe hospitali?
Homa ya nyuzi 38, kutapika usiweze kunywa, mkojo kupungua, wekundu au usaha kwenye kidude. Njoo siku hiyohiyo, hata usiku, na usimeze panadoli kwanza ili homa ishuke.