Safu ya elektrodi ndogo ni nini?

Safu ya elektrodi ndogo ni kifaa chenye vituo vingi vya kupimia umeme (elektrodi), vilivyopangwa juu ya kipande cha kioo au silikoni, ambacho huwawezesha watafiti kusikiliza seli nyingi za neva kwa wakati mmoja bila kuzitoboa. Mara nyingi kila kituo huwa na upana wa maikromita 10 hadi 30, unaokaribiana na ule wa mwili wa seli yenyewe, nacho hutengenezwa kwa metali isiyoshika kutu, kama vile dhahabu au platinamu.

Seli ya neva inapopeleka ishara, ioni za sodiamu huingia ndani yake kwa kasi kupitia utando, kisha ioni za potasiamu hutoka, na tukio zima huchukua takribani milisekunde moja. Ndani ya seli volti hubadilika kwa karibu milivolti 100, lakini nje, mahali elektrodi ilipo, kinachofika ni makumi au mamia machache tu ya maikrovolti. Hapo ndipo penye ugumu. Elektrodi pana huchanganya ishara za seli nyingi, ilhali ikipunguzwa ili isikie seli moja, ukinzani wake huongezeka na kelele ya umeme hupanda hadi kukaribia kuimeza ishara. Suluhisho lililozoeleka ni kuipaka tabaka lenye vinyweleo, kwa mfano platinamu nyeusi, ili eneo linalogusana na majimaji yanayozunguka seli liongezeke huku upana ukibaki uleule.

Wapo wanaoongeza vinara vyembamba vya kiwango cha nanomita juu ya elektrodi. Seli huvizingira kwa utando wake, pengo kati ya seli na elektrodi lililokuwa likipoteza ishara hupungua, na mpigo mfupi wa umeme unaweza kutoboa utando kwa muda ili volti ya ndani isomeke. Matundu hayo hujiziba, kwa hiyo kipimo hakidumu. Kwa upande wa usahihi, mbinu ya mrija wa kioo unaogandamizwa kwenye utando wa seli (patch clamp) ya Erwin Neher na Bert Sakmann, iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1991, bado ndiyo kipimo cha kulinganishia, ingawa hushika seli chache mno.

Kwa ubongo wenyewe, safu hugeuzwa kuwa sindano. Neuropixels, iliyotangazwa mwaka 2017, ina vituo 960 kwenye kijiti cha silikoni chenye urefu wa milimita 10, ijapokuwa 384 tu husomwa kwa pamoja, kwa kuwa kila ishara inahitaji njia yake ya kutokea.