“CT ninayo tayari”: dhana potofu kuhusu picha za 3D kabla ya taya kujengwa kwa fibula

“Daktari, CT ninayo tayari, tumieni hiyo hiyo.” Wagonjwa wa ameloblastoma (uvimbe wa taya), ambao taya yao itakatwa na kujengwa upya kwa fibula, mfupa mwembamba wa mguuni, huja na kauli hii na filamu mkononi, na mara nyingi wameambiwa hivyo na waliowapa rufaa. Wanaamini skani yoyote ya CT (picha za mwili za vipande vipande) inafaa, kompyuta itamalizia. Kompyuta haimalizii kitu ambacho haikupewa.

Skani ya kutambua ugonjwa mara nyingi hutunzwa kwa vipande vya milimita 3 hadi 5. Kwa ripoti vinatosha. Kwa kuchapisha kiolezo cha kukatia mfupa (kifaa kinachoongoza msumeno) havifai kabisa: programu hulazimika kukisia kilichomo kati ya kipande na kipande, na uso wa taya unatoka na ngazi ngazi. Kiolezo kikifika mezani hakikai, kinacheza. Mikato ikipotoka, fibula inaacha mwanya pale inapopaswa kugusana na taya, mfupa unachelewa kuunga au hauungi, na meno ya juu na ya chini hayakutani.

Kinachotakiwa ni vipande vya milimita 1 au pungufu, vifuatane bila kuruka, na mafaili ya DICOM (picha zenyewe za skani za kidijitali) yawe kwenye CD au flashi. Filamu, au picha yake iliyotumwa kwa WhatsApp, haitoi modeli. Kabla ya kumrudisha mgonjwa akalipe upya, piga simu chumba cha skani: mashine nyingi hupiga vyembamba kisha hutunza vinene, na data ghafi hufutwa baada ya siku chache. Ukiwahi, vyembamba vinatolewa bila mionzi mingine. Kwa saratani ya mdomo angalia na tarehe. Uvimbe ukishakua, kiolezo cha skani ya zamani kinaweza kupitisha msumeno ndani yake.

“Mapigo ya wayo yapo, mguu hauhitaji skani.” Si kweli. Kuna watu ambao ateri ya peronea, inayopita kando ya fibula, ndiyo inayolisha karibu wayo wote, na mapigo unayoyagusa yanatoka kwake. Ukichukua fibula umeichukua na ateri hiyo, na wayo unakosa damu. Miguu yote miwili ipigwe skani ya mishipa.

Picha ya 3D ya rangi inayozungushwa kwenye skrini nayo huaminiwa kupita kiasi. Programu huficha kila kilicho chini ya kiwango cha mng’ao kilichowekwa, na vimishipa vya milimita 1 vinavyolisha ngozi inayochukuliwa pamoja na fibula hutoweka kwanza. Vitafute kwenye vipande vya mkato mlalo, vithibitishe kwa Dopla (kifaa kinachonasa mtiririko wa damu), kisha weka alama ya kalamu kwenye ngozi.

Wengine hudhani mpango mzuri unazuia flepu (fibula iliyohamishwa na mishipa yake ya damu) kufa. Flepu hufa kwa damu kuganda kwenye maungio ya mishipa, mshipa kujikunja au damu kuvilia. Ndiyo maana saa 24 za kwanza inakaguliwa kila saa, hata usiku wa manane.

Na wanaohofia kutotembea tena: sehemu kubwa ya uzito hubebwa na tibia, mfupa mkubwa wa mguu. Kwenye mpango huachwa sentimita 6 hadi 8 za fibula juu ya kifundo ili kisiyumbe, na sehemu hiyo haiguswi hata taya ikidai mfupa mrefu zaidi.