Nyeusi ya bendera ya Jamaika

Nikiwauliza watu rangi za bendera ya Jamaika, wengi hujibu bila kusita: nyekundu, njano na kijani. Siwalaumu. Ndizo rangi wanazoziona kwenye kofia za kufuma, kwenye bangili na kwenye vioo vya daladala, mara nyingi pamoja na picha ya simba. Hizo ni rangi za Ethiopia, ambazo Marasta walizichukua kwa kumheshimu Haile Selassie. Bendera ya Jamaika haina nyekundu hata tone. Ni kijani, nyeusi na dhahabu, na tangu Mauritania iongeze mistari myekundu kwenye yake mwaka 2017, hiyo ndiyo bendera pekee ya taifa huru isiyo na nyekundu, nyeupe wala buluu.

Mtanzania akizisikia rangi hizo atakumbuka kitu, na kumbukumbu yake haimdanganyi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, bendera yake ilikuwa na mistari ya kulala ya kijani na nyeusi, iliyotenganishwa na mistari myembamba ya dhahabu. Luteni Alexander Nyirenda aliisimika kileleni Kilimanjaro. Miezi michache baadaye, kamati ya wabunge wa vyama vyote viwili vya Jamaika ilikuwa ikitafuta bendera ya nchi yao, nayo ikafikia rangi zilezile, tena kwa mistari ya kulala. Ikabainika kwamba mchoro huo unafanana mno na bendera ya Tanganyika. Ilibidi ubadilishwe.

Rangi zikabaki, mpangilio ukageuzwa. Mistari ya dhahabu ikapita kutoka pembe hadi pembe na kufanya msalaba wa mshazari, ule unaoitwa wa Mtakatifu Andrea, ambao Waskoti wanao kwenye bendera yao. Inasimuliwa kwamba mchungaji mmoja Mskoti, rafiki wa Alexander Bustamante, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Jamaika huru, ndiye aliyetoa wazo hilo. Msalaba unaigawa bendera katika pembetatu nne: za kijani juu na chini, nyeusi upande wa mlingoti na upande unaopepea. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 1962, katika Uwanja wa Taifa mjini Kingston, bendera ya Uingereza iliteremshwa mbele ya Binti Mfalme Margaret na hii ikapanda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenishughulisha kuliko yote: maana ya ile nyeusi.

Tanganyika haikuwa na kigugumizi. Nyeusi ni wananchi, kijani ni ardhi, dhahabu ni madini. Mtu mweusi aliitazama bendera akajiona. Jamaika, nchi ambayo wengi wa watu wake ni wajukuu na vitukuu vya Waafrika waliofanywa watumwa mashambani kwenye miwa, ilitoa tafsiri rasmi iliyosema hivi: taabu zipo, lakini ardhi ni ya kijani na jua linang'aa. Jua lilikuwa dhahabu, ardhi kijani. Nyeusi ikaachiwa taabu.

Naelewa hofu ya viongozi wa wakati ule. Nchi ina pia watu wenye asili ya India, China, Ulaya na Mashariki ya Kati, na kaulimbiu yake ya taifa inasema kwamba kutokana na wengi wametokea watu wamoja. Pengine waliona kuitaja rangi ya walio wengi kungewatenga wengine. Hata hivyo, kwangu lilikuwa kosa zito. Mtoto anafundishwa shuleni kwamba katika bendera yake, rangi inayofanana na ngozi yake ndiyo shida ya nchi! Tena hilo lilitokea katika kisiwa kilichomzaa Marcus Garvey, mtetezi mashuhuri wa watu weusi. Mwaka 1920, mjini New York, chama chake cha UNIA kilikuwa kimeshatangaza nyekundu, nyeusi na kijani kuwa rangi za watu weusi wa dunia nzima. Miaka 42 kabla ya uhuru wa Jamaika, Mjamaika alikwisha kuipa nyeusi heshima yake.

Marekebisho yalikuja mwaka 1996, kupitia kamati ya alama za taifa iliyoongozwa na Profesa Rex Nettleford, msomi na mcheza dansi. Nyeusi ikapewa maana ya nguvu na ubunifu wa watu. Dhahabu ikawa utajiri wa asili na uzuri wa jua, na kijani ikawa matumaini na rutuba ya kilimo. Kitambaa hakikuguswa, wala mshono mmoja haukuhamishwa.

Tanganyika nayo haikukaa na ile mistari ya kulala kwa muda mrefu. Ilipoungana na Zanzibar mwaka 1964, buluu iliongezwa na mstari mweusi ukainuliwa mshazari, kutoka pembe ya chini ya upande wa mlingoti hadi pembe ya juu ya upande wa pili, ukiwa na dhahabu kingoni. Maana yake haikubadilika: bado ni wananchi.