Metali ndani ya kaboni: umeme unavyopita na unavyodhaniwa kupita

Chukua penseli laini, 6B ukiipata, upake kwenye karatasi mstari mnene wenye upana wa kidole. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye omu, kisha gusisha ncha zake kwenye miisho ya mstari. Itasoma ukinzani, yaani jinsi mstari unavyozuia umeme. Pitisha penseli mara tatu zaidi, na namba inashuka. Sasa kunja karatasi taratibu, mstari ukiwa upande wa nje: namba inapanda.

Risasi ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, yaani kipitishi cha umeme ndani ya kihami, kitu kisichoupitisha. Ndiyo maana naianzia hapo. Makosa mengi ninayoyasikia kuhusu tando za kaboni zenye chembe za metali, yaani tabaka nyembamba mno za kaboni, yanajibika kwa mstari huo.

"Kaboni haipitishi umeme." Kaboni ipi? Kile kijiti cheusi katikati ya betri kuukuu ya tochi ni kaboni, na umeme hupita humo. Almasi nayo ni kaboni, lakini ni kihami. Kaboni inayotandazwa maabara mara nyingi huwa katikati ya hizo mbili: atomi nyingine zimeshikana kama za almasi, nyingine kama za grafiti, bila mpangilio.

"Ukiongeza metali maradufu, umeme nao utapita maradufu." Hili ndilo linalopotosha kuliko yote. Utando huu hutengenezwa ndani ya chemba iliyofyonzwa hewa. Ayoni (atomi zenye chaji) za gesi ya arigoni hugonga bamba la shaba, atomi zikang'oka na kwenda kutua pamoja na kaboni. Shaba haipatani na kaboni, hivyo hujikusanya kuwa chembe za nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), zimetawanyika kama zabibu ndani ya pilau. (Titani ni tofauti: huungana na kaboni kuwa kabaidi, na kabaidi hiyo nayo hupitisha umeme.) Zabibu zikiwa chache, kila moja iko peke yake na ukinzani ni mkubwa. Ongeza kidogo kidogo, na utafika kiwango ambapo chembe zimegusana kutoka ukingo huu hadi ule. Njia imefunguka. Hapo nyongeza ndogo tu inaweza kuporomosha ukinzani mara elfu na zaidi. Kizingiti hicho hakina namba moja: kinategemea umbo na ukubwa wa chembe, hata joto la mahali utando ulipokuwa ukitua. Kwa hiyo tando mbili zenye shaba kiasi kilekile zinaweza kutofautiana kabisa.

"Chembe zisipogusana, umeme umekatika." Kwa waya uliokatika, anayesema hivyo yuko sahihi. Kwa pengo la nanomita moja hivi, elektroni hupenya kutoka chembe hadi chembe bila daraja lolote. Ila upenyaji huo ni mwepesi mno kudhurika: pengo likipanuka kwa sehemu tu ya nanomita, mkondo unaweza kupungua mara kumi.

"Joto likipanda, ukinzani hupanda." Kwa shaba tupu ni kweli, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii. Chini ya kizingiti mambo hugeuka: joto huwasaidia elektroni kuruka mapengo, na ukinzani hushuka. Karibu na kizingiti nguvu hizo mbili hupingana, na mtengenezaji makini anaweza kupata utando ambao ukinzani wake haubadiliki sana, jua liwake au mvua inyeshe.

"Ukinzani mdogo ndio ubora." Ndani ya mizani ya kidijitali kuna kipande chembamba cha aloi ya shaba na nikeli kinachovutika mzigo unapowekwa. Kikirefuka kwa asilimia 0.1, ukinzani wake hubadilika kwa karibu asilimia 0.2. Tando za kaboni zenye chembe za nikeli, kwa mvuto uleule, zimefikia asilimia 1 na zaidi, kwa sababu kinachovutwa ni yale mapengo. Ukinzani wao ni mkubwa kuliko wa aloi, lakini mapengo hayo ndiyo yanayozifanya zisikie mzigo mdogo, kama karatasi yako ilivyosikia mkunjo.